Musandam: mbali kwa nani?

Saa tatu asubuhi bandari ya Khasab huwa imekwisha kuchangamka. Majahazi ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, sitaha zimetandikwa mazulia na mito ya kuegemea, kahawa ipo, tende zipo, matunda yamekatwakatwa yakafunikwa. Mabasi madogo yaliyotoka Dubai alfajiri yanashusha wageni wenye kofia pana na simu zilizochajiwa zikajaa. Jahazi linang'oa nanga, linaingia kwenye hori lililobanwa na majabali, baharia anapiga makofi na miluzi, pomboo wanaibuka kukimbizana na povu la omo, na kila mtu anapiga picha ileile. Saa kumi jioni wote wamerejea gatini. Kabla ya usiku wa manane wako vitandani Dubai, wameshawaambia jamaa zao kwamba leo wamefika mwisho wa dunia.

Huo mwisho wa dunia ndio unaouzwa Musandam. Wauza safari wana maneno mawili wanayoyapenda: kwamba hapa ni "Norway ya Arabuni", na kwamba ni mbali, mbali sana, mahali ambapo dunia haijafika. La kwanza ni kosa dogo la jiografia. La pili ni kosa kubwa, na linastahili kubishiwa, hasa na msomaji wa Kiswahili, ambaye huenda ana shangazi au binamu Muscat na siku moja ataalikwa apande ndege akatembee huko kaskazini.

Tuanze na lililo jepesi. Musandam ni ncha ya kaskazini kabisa ya Oman, mkoa wa kilomita za mraba kama 1,800 ambao watu wake, kwa sensa ya mwaka 2020, hawakufika 50,000. Majabali yake ya chokaa yanaporomoka moja kwa moja hadi majini, na bahari nayo imejipenyeza katikati yake kama vidole virefu. Wenyeji huita kila kidole khor. Mtu wa pwani hahitaji kamusi hapo: ni hori lilelile la Kiswahili, neno moja lililovuka bahari. Khor Sham, linalopendwa na wageni kuliko yote, lina urefu wa kilomita kama 16. Huko Norway mabonde ya namna hiyo yalichongwa na barafu nzito iliyokuwa ikiteremka milimani. Hapa barafu haikupita. Bamba la ardhi la Arabuni linasukumana na bamba la Asia, na katika msukumano huo ncha ya Musandam inavutwa chini, inazama polepole upande wa kaskazini. Tena, miaka kama 20,000 iliyopita bahari za dunia zilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na sehemu kubwa ya Ghuba ilikuwa bonde kavu ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu. Maji yaliporudi, yalifuata mabonde ya milima na kuyajaza. Anayetazama kuta za Khor Sham, basi, anatazama sehemu ya juu tu ya mlima. Sehemu ya chini imo majini. Kuliita hori hilo Norway ni kama kumwita mtu kwa jina la jirani yake kwa sababu wote wawili wana ndevu.

Sasa hilo la umbali.

Ukiitazama Musandam kutoka Muscat, kwa jicho la mtu mwenye gari, kweli ni mbali. Ni safari ya kilomita karibu 500, na njiani kuna nchi nyingine. Falme za Kiarabu zimekaa katikati ya Musandam na Oman iliyobaki, kwa hiyo Mwomani anayetoka mji mkuu kwenda Khasab kwa barabara hutoka nchini kwake, akaingia nchi ya watu, akatoka huko, kisha akaingia kwao tena. (Madha, wilaya nyingine ya mkoa huohuo, imezungukwa na Falme za Kiarabu pande zote; na ndani ya Madha kuna kijiji cha Nahwa, ambacho nacho ni cha Falme za Kiarabu. Mipaka ilipochorwa, karne ya 20, kilichoangaliwa ni kabila lipi linamtii mtawala yupi, na makabila hayakuwa yamejipanga kwa mstari.) Serikali ya Oman iliiona kero hiyo. Mwaka 2008 ilianzisha feri za mwendo kasi, zilizoundwa Australia, kati ya Muscat na Khasab, na ndege nazo hufanya safari hiyo kwa saa moja na kidogo.

Lakini patazame mahali hapo kwa jicho la nahodha. Ng'ambo ni Iran. Mlango wa Bahari wa Hormuz, penye wembamba wake, haufiki kilomita 40. Meli kubwa zimepangiwa njia mbili, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ina upana wa maili 2 za bahari, na hapo kwenye kona njia hizo zinapita ndani ya maji ya Oman, kaskazini tu ya majabali haya. Mwaka 2024 mafuta yaliyopita hapo yalikadiriwa kuwa mapipa milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya yote yanayotumiwa duniani. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli inayopakuliwa Mombasa na Dar es Salaam hutoka Ghuba. Manowari zikianza kukodoleana macho Hormuz, dereva wa bodaboda wa Morogoro anaweza kuzisikia kwenye pampu ya mafuta kabla hajazisikia redioni. Hapo ndipo panapoitwa mwisho wa dunia. Mlinzi wa geti hajawahi kuitwa mtu wa shamba.

Mabaharia wa kale waliujua mlango huo, na waliuogopa. Mbele ya rasi, katikati ya maji, kuna visiwa vitatu vya mawe ambavyo Waarabu huviita Salama na binti zake. Jina ni dua zaidi kuliko maelezo. Mikondo hapo ni mikali, upepo hugeuka ghafla penye pembe za majabali, na maandishi ya wasafiri wa zamani yanasimulia mabaharia waliokuwa wakishusha majini kijahazi cha mfano chenye vyakula ndani yake, ili bahari ichukue kidogo na kuwaachia kikubwa. Mzee wa Lamu au wa Pemba aliyewahi kuona chombo kipya kikisomewa na kufukiziwa ubani kabla ya kushushwa hatashangaa hata kidogo.

Kutoka hapo, kwa mashua ya mashine, si mbali kufika Kumzar.

Kumzar ni kijiji cha wavuvi kilichojibana kwenye kigenge kidogo cha pwani, jabali mgongoni na bahari usoni. Barabara haifiki. Mtu hutoka Khasab kwa boti ya mwendo kasi, akakaa baharini kama saa moja, au haendi kabisa. Nyumba zimeshikana, vichochoro ni vyembamba, mbuzi wanazurura na, kwa kuwa majani ni adimu, hulishwa samaki waliokaushwa. Kwa mgeni wa picha, hicho ndicho kilele cha upweke. Ila asimame kidogo asikilize watu wanavyozungumza, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya "dunia haijafika" inapovunjika.

Watu wa Kumzar wana lugha yao, Kikumzari. Waongoza watalii hupenda kuieleza kama supu: kidogo Kiarabu, kidogo Kiajemi, kidogo Kihindi, Kireno, hata Kiingereza, kila meli iliyopita ikaacha neno lake. Maelezo hayo yanafurahisha na yana ukweli nusu. Wataalamu wa isimu walioishi nao na kuichunguza wanasema mizizi yake ni ya tawi la kusini-magharibi la lugha za Kiirani, dada wa Kilori na Kilari za ng'ambo, na juu ya mizizi hiyo Kiarabu kimeingia kwa kina kirefu mno, kina cha karne nyingi za kuishi pamoja na kuoana. Ndugu yake wa karibu kabisa husemwa kwenye kisiwa cha Larak, upande wa Iran. Si supu, basi. Ni lugha yenye sarufi yake na ukoo wake, iliyokopa kwa sababu wenyewe walikuwa watu wa kupokea wageni.

Mswahili anapaswa kulijua jambo hilo kwa uchungu. Ni mara ngapi Kiswahili chenyewe kimeitwa mchanganyiko tu wa Kiarabu na lugha za Waafrika, lugha isiyo na kwao, ati imezaliwa sokoni? Ilichukua vitabu vingi na ubishi mwingi hadi ikubalike kwamba ni lugha ya Kibantu tangu kwenye mifupa, na kwamba maneno ya kukopa ni nguo. Kikumzari kinafanyiwa leo utani uleule. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina wasemaji mamilioni, redio, magazeti na Bunge, na Kikumzari kina kijiji kimoja, sehemu ya mji wa Khasab, na jamaa wachache waliotawanyika. UNESCO inakihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Shuleni watoto husoma Kiarabu. Mgeni akiambiwa kwamba lugha hiyo imedumu kwa sababu Kumzar kumejitenga, aulize: kijiji kilichojitenga kingeyapata wapi maneno yote hayo?

Jibu liko kwenye ngome ya Khasab, ambayo kwa bahati nzuri wageni wengi huipitia. Wareno waliijenga mwanzoni mwa karne ya 17, walipokuwa bado wanajaribu kushikilia mlango wa Ghuba, na siku hizi ni makumbusho. Walikuwa Wareno walewale waliouchoma mji wa Mombasa mwaka 1505 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Walifukuzwa Hormuz mwaka 1622, Muscat mwaka 1650, na Mombasa Waomani waliiteka ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Ni vita moja iliyopiganwa kwenye bahari moja, ingawa shule zetu huifundisha kama sura ya historia ya pwani yetu peke yake.

Ndani ya ua wa ngome hiyo vimewekwa vyombo vya zamani. Kimoja kinaitwa mashuwa, na hapo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa. Kingine ni battil, fahari ya Kumzar, chenye omo refu na tezi iliyoinuka, ambacho wenyewe walikipamba kwa kauri zilizotungwa kama shanga za bibi harusi. Sehemu za vyombo hivyo zilishonwa kwa kamba, kwa ufundi wa ukoo mmoja na mtepe wa Lamu ambao leo huonekana makumbusho tu. Mwaka 1939 Alan Villiers, Mwaustralia aliyekuwa amepanda jahazi la Kuwait kutoka Aden, alikwenda nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi nazo kwa upepo wa kusi hadi Kuwait, ambako nyumba ziliezekwa kwa miti hiyo. Hakuna njia ya kufika Kuwait kwa bahari bila ya kupita mbele ya majabali ya Musandam. Miti ya Rufiji ilikuwa ikipita hapo mwaka baada ya mwaka, na mabaharia walioibeba walijua nyimbo za pande zote mbili.

Kisa cha Kisiwa cha Telegrafu kinafaa kuwekwa hapa, kwa kuwa husimuliwa kila siku ndani ya majahazi na kila siku husimuliwa kinyume.

Mwaka 1864 Waingereza, wakitaka Bombay isemezane na London bila kungoja meli, walilaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Karachi hadi kwenye kichwa cha Ghuba. Njiani waliuingiza Khor Sham na kujenga kituo juu ya kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Maqlab. Walikichagua kisiwa badala ya nchi kavu kwa kuwaogopa wenyeji. Makarani wao walikaa hapo, jua la kiangazi likirudishwa na kuta za mawe pande zote kama ndani ya tanuri, hadi mwaka 1868 kituo kilipofungwa. Leo imebaki misingi na ngazi, na jahazi hutia nanga karibu ili wageni wajitose majini kutazama samaki. Mwongozaji atawaambia kwamba makarani wale walikuwa wakirukwa na akili kwa kungoja kuzunguka kona ya hori na kurudi kwao, na kwamba msemo mmoja wa Kiingereza kuhusu wendawazimu ulizaliwa hapo. Ni hadithi tamu, na ina dalili zote za kutungwa baadaye. Jambo la kuangalia ni hili: waliopata kichaa cha upweke, kama kweli walikipata, ni wale waliokuja kuunganishwa na dunia kwa waya. Vijiji vya Khor Sham, ambavyo moshi wa majiko yake ulionekana kutoka kisiwani, vilikuwa na ndugu Khasab, wakwe milimani na wateja ng'ambo ya bahari. Upweke ulikuwa wa wageni, wakaja nao wenyewe.

Na biashara ya ng'ambo haikukoma. Kwa miaka mingi vijana wa Iran, kutoka Qeshm na Bandar Abbas, wamekuwa wakivuka na boti ndogo za fibaglasi, asubuhi wameleta mbuzi na kondoo, jioni wameondoka na sigara, televisheni na maboksi ya soda yaliyofungwa kwa maturubai. Upande wa Oman walikuwa wanunuzi wa halali. Upande wa kwao walikuwa wakiwakwepa doria. Watalii waliwapiga picha kama sehemu ya mandhari. Ukweli ni kwamba walikuwa wakifanya kazi iliyofanywa hapo tangu kabla ya kuwapo kwa forodha.

Anayetaka kuelewa maisha ya Musandam ayape kisogo maji kwa siku moja na kupanda mlimani. Gari liwe la magurudumu manne yanayosukuma, na dereva awe mwenyeji, kwa sababu njia ya Jebel Harim ni ya vumbi, ya mizunguko, na yenye makorongo yasiyosamehe. Kilele kina mita 2,087. Jina lake husemwa kuwa ni mlima wa wanawake: masimulizi yanasema wanawake walijificha huko juu wanaume walipokuwa baharini na maharamia kuonekana. Ukipita ubavuni mwake utaona kwenye mawe alama za viumbe wa baharini waliogeuka mawe, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari yenyewe. Chini kidogo kuna uwanda wa Sayh, wenye mashamba madogo na mitende, mahali ambapo macho yaliyochoshwa na mawe hupumzika.

Milimani ni kwa Washihuh, kabila kubwa la Musandam. Wanaume wao, badala ya jambia la Kiomani, wamezoea kubeba jirz, fimbo ndefu yenye shoka dogo kichwani, na kwenye sherehe zao hupiga nadba, ukelele wa pamoja unaojibizana na mlima. Utaratibu wao wa zamani ulikuwa wa kuhama: majira ya baridi hukaa juu, wakalima shayiri na ngano kwenye vijishamba vilivyozungushiwa mawe na kungoja mvua, kiangazi hushuka pwani kwa ajili ya tende na samaki. Je, nafaka na vyombo viachwe wapi miezi yote hiyo, juu mlimani pasipo mtu? Ndipo wakabuni nyumba ya kufuli, bait al-qufl. Kuta zake ni za mawe mazito, sakafu imechimbwa chini ya usawa wa ardhi, paa ni magogo ya mgunga yaliyofunikwa mawe na udongo, na mlango ni mdogo kiasi kwamba mtu huingia ameinama. Mitungi mikubwa ya nafaka na tende iliwekwa ndani kwanza, kisha kuta zikajengwa kuizunguka. Mlango ni mdogo kuliko mtungi. Mwizi angelazimika kuvunja nyumba ili aibe, na kuvunja kwenyewe kungemchukua siku kadhaa.

Ni nyumba ya watu wa njiani, walioipima kwa miguu yao safari ya kila mwaka. Mgeni anayeiangalia na kusema "hawa wametengwa na ulimwengu" hajauliza funguo zilikuwa zikienda wapi.

Haya yote hayana maana kwamba umbali si kitu. Umbali upo, na wanaoulipia ni wenyeji. Vijiji vya Khor Sham havina mito wala visima vya kutosha, na maji ya kunywa hupelekwa kwa boti. Mjamzito wa Kumzar akishikwa na uchungu bahari imechafuka, uzuri wa majabali haumsaidii. Lima, mji mdogo wa pwani ya mashariki, umeishi kwa kutegemea bahari kama Kumzar. Kwa sababu hiyo serikali imeamua kupasua mlima: barabara ya kilomita kama 70 kutoka Dibba, kupitia Lima, hadi Khasab, iliyopewa jina la Sultan Faisal bin Turki. Ni kazi ya baruti na madaraja, mahali ambapo hata mbuzi hutafakari kabla ya kuruka.

Wapo wageni wanaosikitika. Wanasema barabara itaharibu Musandam, itauondoa ule upekee, basi twende haraka kabla haijakwisha. Masikitiko hayo yana kiburi ndani yake. Yanamtaka mwenyeji abaki na shida ili mgeni abaki na picha. Watu wa Lamu wanaijua sauti hiyo. Kila mradi unapotajwa kwao hujitokeza mtu wa mbali anayewalilia punda na vichochoro, na pia hujitokeza mtu wa mbali mwingine anayetaka kujaza zege kila mahali, na katikati mwenyeji haulizwi. Kuna hoja za kweli kuhusu barabara ya Musandam: malori ya mawe, takataka, bei ya ardhi, hoteli ambazo faida yake italala kwingine. Hizo zijadiliwe na wao. Lakini hoja kwamba mahali pasifikike ili paendelee kupendeza haistahili hata kupewa kiti.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kutwa, aliyelipia Dubai, akala chakula kilichokwishalipiwa na kuondoka na basi lilelile, mwenyeji hamponyi sana. Anayelala Khasab siku mbili au tatu, akakodi jahazi bandarini, akala samaki wa mji, akampa kazi dereva wa mlimani, huyo angalau ameacha kitu. Kumzar aende ikiwa ana mwenyeji au mtu wa kumtambulisha. Ni makazi ya watu, kina mama wako uani, na kamera si salamu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna faida ya ziada isiyouzwa na wakala yeyote. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na bara, waliorejea baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka mwaka 1970, wamesambaa katika kazi za serikali, shule na hospitali. Ukiwa foleni Muscat, usishangae mtu wa nyuma yako akikusahihishia sentensi. Musandam kwenyewe lugha za nyumbani ni nyingine, lakini maneno nahodha, bandari, hori na mashua yatakufikisha mbali kuliko Kiingereza cha kuokoteza.

Vitabu vya wasafiri vinashauri waende kati ya Oktoba na Aprili, na ni ushauri mzuri. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 na unyevu wa bahari hulifanya liwe kama kuvaa blanketi lililolowa. Majahazi mengi hulala, mazulia hukunjwa, na mtu akipiga simu kwa wakala huambiwa arudi baada ya miezi michache, kwa sasa huko hakuna kitu.

Ni miezi hiyohiyo ambapo Kumzar huhama. Tende za Khasab zimeiva, na watu wa kijiji wana nyumba na mitende yao huko mjini. Wanapakia boti: magodoro, masufuria, mitungi ya gesi, bibi aliyekaa katikati akishikilia mtoto, mbuzi waliofungwa miguu. Kijiji kinabaki na watu wachache, milango imefungwa. Boti zinatoka moja baada ya moja kwenye maji yaliyo wazi, meli za mafuta zikionekana kwa mbali zimepangana kama ngamia, kisha zinaikata kona kuelekea kusini, na wa kwanza kufika ndiye anayewasha moto wa chai.